Ndoo Mlangoni, Dodoso Mezani

Korona iliingia Tanzania kwa mlango wa kwetu Arusha. Tarehe 16 Machi 2020 Ummy Mwalimu, wakati huo akiwa Waziri wa Afya, alitangaza mgonjwa wa kwanza: Mtanzania, mama wa miaka 46, aliyetua uwanja wa ndege wa KIA siku moja kabla kwa ndege ya Rwandair akitokea Ubelgiji. Uwanjani alipimwa joto akapita. Alipojisikia vibaya alikwenda mwenyewe Hospitali ya Mount Meru. Sisi wa Olmotonyi habari tuliipata kwenye simu, na kulipokucha kila mtu alikuwa na binamu anayemfahamu dereva teksi aliyembeba.

Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule, na muda si muda vyuo navyo vikafungwa. Kwetu hilo tuliliona kwa macho. Chuo cha Misitu, kilichopo Olmotonyi tangu 1937, kilimwaga wanafunzi barabarani na mabegi yao, wakateremka kuelekea Ngaramtoni kutafuta usafiri, huku kina mama wa chai na maandazi wakiwatazama wateja wao wakiondoka. Magari ya watalii yakapungua, kisha yakakoma. Vijana wetu wanaopika na kubeba mizigo kwenye safari za mlimani wakarudi nyumbani kupalilia viazi. Barabara ya Namanga ikabaki na malori, na malori ndiyo yaliyotutia hofu, kwa sababu dereva akiumwa njiani huwa hatafuti hospitali ya rufaa. Anasimama penye taa.

Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati moja ya huko juu, karibu na miti ya misindano. Tulikuwa wachache: mganga mfawidhi, wauguzi wawili, na mhudumu wa afya, mama mtu mzima ambaye sote, hata mganga, tulimwita Yeyo. Yeye alifagia, alipiga deki, alichemsha vifaa, alishika watoto wakichomwa sindano, na alitafsiri Kiarusha pale bibi wa kutoka mlimani alipokataa kuumwa kwa Kiswahili.

Semina ilikuja haraka kuliko barakoa. Tulikalishwa ukumbini viti vikiwa vimeachanishwa, tukafundishwa dalili, siku 14 za karantini, umbali wa mita moja, sekunde 20 za kunawa, namba 199 ya kupiga ukimshuku mgonjwa. Tukaonyeshwa utaratibu wa kuvaa kinga na kuivua, na tukaambiwa kwamba kuvua ndiko kunakoua, kwa kuwa mtu akishamaliza kazi hulegea na kushika uso. Mwezeshaji alivaa seti nzima mbele yetu, akaivua hatua kwa hatua, akaikunja vizuri akaondoka nayo. Ilikuwa moja, na kesho yake alikuwa na semina mahali pengine. Mwishoni tulipewa maswali, wote tukafaulu. Kwa kweli kufaulu hakukuwa kazi. Muuguzi yeyote aliyepita chuo anajua kwamba mikono huoshwa. Tulirudi na mabango mawili na chupa ya kitakasa mikono. Mganga akaifungia kabatini pamoja na vipimo vya malaria isije ikaibiwa, na humo ikakaa salama kabisa, wala haikumtakasa mtu.

Naandika haya kwa sababu tangu wakati ule nimesikia mara nyingi, semina kwa semina, kwamba tatizo la wahudumu wa afya wakati wa mlipuko ni elimu. Waelimishwe, wabadilike. Nilichokiona Olmotonyi ni kwamba elimu ilitufikia ndani ya siku moja, lakini mikono yetu ilibadilika siku vitu vilipohama mahali pake. Kazi ya mhudumu huongozwa na kilicho karibu na mkono wake kuliko kilichomo kichwani mwake.

Ndoo ndiyo iliyonifundisha. Maji ya bomba kwetu huja yanapotaka, ingawa tumekaa kwenye mlima wenye chemchemi. Tulikuwa na ndoo moja ya plastiki yenye koki, na ilikaa ndani ya chumba cha mganga, nyuma ya mlango, juu ya kigoda. Mlango ukifunguliwa, ndoo inajificha. Mgonjwa akikaa kwenye benchi, magoti yake yanaziba njia ya kuifikia. Hivyo ili kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa ulipaswa kumwinua aliyekaa, ufunge mlango huku foleni ikinung'unika nje, unawe, ufungue tena. Nyakati tano za kunawa mikono za Shirika la Afya Duniani nilikuwa nazijua kwa moyo, ziko hata kwenye bango. Asubuhi moja Yeyo, bila kumuuliza mtu, akaitoa ndoo, akaiweka nje kwenye kizingiti, upande wa mkono wa kulia wa mtu anayeingia. Ikawa huwezi kupita bila kuigusa kwa kiwiko. Tokea hapo mikono yetu ililowa kutwa nzima, na hakuna aliyekumbushwa na mwenzake.

Vijana wa afya ya jamii nao wakatutengenezea kibuyu chirizi pale getini: dumu la lita tano la mafuta ya kula lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Sabuni ya mche waliikata vipande wakaifunga kwenye wavu wa vitunguu, maana sabuni iliyoachwa wazi ilikuwa inakwenda nyumbani na watu. Wazee walilipenda dumu lile. Walikanyaga hata wasipokuwa na shida ya kunawa, wakicheka maji yakitoka.

Kuna jambo la pili ambalo Yeyo alilijua kabla yetu, tena kabla ya wakubwa wa dunia. Mwishoni mwa Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisisitiza kwamba kirusi hiki hakisambai kwa hewa, kinasambaa kwa matone na kwa kushikashika. Ilichukua hadi 2021 kwa shirika hilo kukubali waziwazi kwamba hewa ya chumba kisichopitisha upepo inaambukiza. Sisi tulifuata tulichofundishwa. Tulifuta meza, tukafuta vitasa, tukafuta benchi mpaka rangi ikaanza kutoka, huku madirisha yakiwa yamefungwa. Asiyeijua Olmotonyi ya Juni na Julai atatulaumu. Ukungu unashuka kutoka msituni unakaa mpaka saa nne, mama aliyejifungua juzi anatetemeka, na mtu wa kwanza kuingia asubuhi anachokifanya ni kufunga dirisha.

Yeyo aliyafungua. Tukifunga, anafungua. Mganga alipomkemea kwamba wagonjwa watapata homa ya mapafu, alijibu kwa upole tu kwamba Kibong'oto hawafungi. Aliwahi kukaa miezi kule Siha akimwuguza mdogo wake mwenye kifua kikuu, kwenye hospitali ile iliyoanza 1926 kuwatunza wagonjwa wa kifua, na kule alijifunza kulala dirisha likiwa wazi chini ya blanketi mbili. Hakujua matone ni nini wala hewa ni nini kwa lugha ya maabara. Alijua kwamba penye mtu anayekohoa pafunguliwe. Kwa hiyo katika zahanati yetu mwenye elimu ndogo kuliko wote ndiye aliyekuwa akifanya jambo sahihi kuliko wote, kwa sababu ugonjwa mwingine ulikuwa umekwisha kumzoesha.

Dawa ya kuondoa vimelea pia ilikuwa mikononi mwake. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, unapata asilimia 0.5, vifaa vinakaa dakika kumi ndipo vinaoshwa. Hilo kila muuguzi Tanzania analijua, ni katika mambo tuliyofundishwa tangu UKIMWI ulipotulazimisha kuogopa damu. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuichanganya upya kila asubuhi, Jumapili ikiwemo, ni jingine. Yeyo alikuwa na kikombe cha bati kilichokatika mkono, ndicho kipimo chake, na hakuna aliyeruhusiwa kukinywea. Wakati wa kipindupindu cha 2015, kilichoanzia Dar es Salaam na kutapakaa mikoani, alikesha akichanganya kwa kikombe kilekile.

Mitazamo ilikuwa ngumu kuihamisha kuliko ndoo. Kwetu mtoto akikutana na mtu mzima huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Ndiyo salamu. Mtoto asipoguswa husimama palepale akisubiri, akidhani amekosa. Siku za mwanzo niliamua kutogusa. Watoto walikuja kupimwa uzito na mama zao, wananiinamishia vichwa, mimi nimekunja mikono nyuma. Bibi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama mjukuu wake ana uchawi. Nikaeleza korona, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nesi, hicho kidudu unakinawa, lakini dharau huinawi." Tukapatana kati kwa kati: nikawa nagusa utosi kwa mgongo wa mkono, halafu naelekea kwenye ndoo. Semina haikuwa na ukurasa wa jambo hili, na sidhani kama mtu wa mbali angeweza kuuandika.

Kisha hesabu zikakoma. Takwimu za mwisho kutangazwa kabla ya ukimya huo, Mei 2020, zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Nchi ikafanya maombi, ikashukuru, shule zikafunguliwa Juni, na barakoa zikaanza kuonekana kama kisirani. Aliyeivaa sokoni Ngaramtoni aliulizwa anaumwa nini. Mimi si mwanasiasa na sikuwa na maabara. Sitajifanya kwamba nilijua nchi nzima ina hali gani. Ila kati ya Januari na Machi 2021 nilijua hali ya benchi letu. Ndiyo miezi ambayo redio ilitoa habari za misiba ya wakubwa, Maalim Seif Sharif Hamad na Balozi John Kijazi wakiondoka siku moja, 17 Februari. Na kule juu misiba ya wasiotangazwa redioni nayo ilifuatana.

Mzee mmoja aliletwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwanawe asije akaanguka. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akasema ni kifua tu kimemshika. Alikuwa anakata maneno: matatu, anapumzika, mawili, anapumzika. Nikachukua saa yangu ya kifuani nikahesabu kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Ilikuwa 36. Mtu mzima aliyekaa kimya hupumua mara kumi na mbili hadi ishirini. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka, na bado alikuwa akijaribu kunitania kwamba nimenenepa. Hicho ndicho kilichokuwa kibaya kwenye ugonjwa ule: oksijeni inakwisha mwilini na mwenyewe bado anazungumza.

Mwanawe akanivuta pembeni. "Nesi, ni ile?" Nikamwambia, "Kaka, mzee anahitaji oksijeni na sisi hatuna. Tafuta Noah sasa hivi." Kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje, mganga akaandika nimonia.

Haukuwa uongo. Mapafu yalikuwa yamevimba, na hatukuwa na kipimo cha kusema zaidi. Lakini tazama linalofuata neno likishaandikwa. Nimonia haimtishi mhudumu. Mgonjwa wa nimonia analazwa kitanda cha kupumzikia pamoja na wengine, ndugu wanne wanamzunguka, muuguzi anamwinamia kumpima bila kuvaa kitu. Mikono na nyuso zetu hufuata kilichoandikwa kwenye kitabu. Katika nyakati za kawaida hilo ni jambo jema, ndiyo maana kitabu kipo. Katika miezi ile lilikuwa hatari, maana kitabu kilitutuliza wakati benchi linatuonya. Yeyo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa chumba, ndiye aliyepata njia. Mgonjwa akiingia anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ni nimonia ya dirisha wazi, au ya dirisha kufungwa?" Mganga akijibu "wazi", kila mmoja wetu alijua la kufanya: benchi linatolewa nje chini ya mti, ndugu anabaki mmoja, barakoa ya kitenge inapanda, jiki inachanganywa. Hatukupinga agizo la mtu yeyote wala hatukutangaza kitu. Tulifanya kazi.

Mzee wa 36 alipona. Alikaa kwenye oksijeni huko alikopelekwa, akarudi amekonda, na akawaambia watu wote mnadani kwamba kilichomponya ni mikaratusi.

Hapo na mimi sina pa kucheka. Kujifukiza kulienea nchi nzima, na kwetu malighafi iko nyuma ya nyumba: mashamba ya miti ya mikaratusi, majani ya ndimu, mchaichai, tangawizi. Nyungu inachemshwa, unajifunika shuka, unavuta mvuke mpaka jasho linachuruzika. Februari 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Dorothy Gwajima, alionyesha mbele ya kamera kinywaji cha tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili, na ndimu zikaadimika sokoni kwetu. Nilijifukiza. Muuguzi mwenzangu alijifukiza. Mganga alisema hajifukizi lakini alinukia. Atakayeshangaa akumbuke 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kule Samunge, Loliondo: kwenye ile foleni ya magari walikuwemo wauguzi na waganga wenye vyeti, wengine wakiwa wamewasindikiza wagonjwa wao, wengine wakiwa wagonjwa wenyewe. Mhudumu wa afya ana mama, ana kanisa, ana hofu. Akivua gauni jeupe jioni anarudi kwao.

Mvuke wenyewe, nionavyo, haukuwa adui mkubwa. Ulifungua pua, ukampa mtu kitu cha kufanya. Nilitibu mama aliyemwagikiwa na nyungu kwenye paja, na hiyo ni hatari ya kweli, hasa penye watoto. Lakini kilichotuumiza zaidi ni siku zilizopotea: mtu anajifukiza siku ya kwanza, ya pili, ya tano, anakuja kwetu akiwa amebakiza pumzi za kuhesabu. Nilipoacha kusema "msijifukize" na kuanza kusema "jifukizeni, ila akishindwa kumaliza sentensi mleteni siku hiyohiyo", walianza kuja mapema kidogo. Mganga hakulipenda tangazo langu. Aliona ninabariki uganga. Tulibishana, na hadi leo tunabishana tukikutana Ngaramtoni.

Katikati ya hayo alifika kijana wa shahada ya uzamili na dodoso lake, utafiti wa maarifa, mtazamo na utendaji wa watoa huduma. Kijana mstaarabu, barua zake za kibali zimekamilika. Akatukalisha mmojammoja. Maarifa: kirusi kinasambaa vipi, dalili ni zipi, kweli au si kweli. Mtazamo: nakubali sana, nakubali, sina uhakika. Utendaji: je, unanawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa? Kila mara, mara nyingi, mara chache, kamwe. Nani muuguzi wa kuweka tiki kwenye "kamwe"? Nikaangalia karatasi mpaka mwisho. Hapakuwa na swali la maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Hapakuwa na swali la ndoo iko upande gani wa mlango, madirisha mangapi yanafunguka, barakoa moja inavaliwa siku ngapi. Na Yeyo hakuhojiwa. Vigezo vilitaka watoa huduma wenye taaluma, yeye akaombwa atupishe chumba. Akatoka, akaenda kuchanganya jiki.

Sisemi tafiti za namna hii hazina kazi. Zinaonyesha nani hajui nini, na mwanzoni mwa mlipuko hilo ni muhimu. Ila zinamuuliza mtu kana kwamba utendaji uko ndani yake, anaubeba kwenye mkoba kama kitambulisho. Zikirudi na jibu kwamba maarifa ni makubwa na utendaji ni mdogo, hitimisho huwa ni semina nyingine.

Mfano unaonikaa akilini ni wa jirani zetu Uganda. Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu, Dkt. Matthew Lukwiya, kiongozi wa Hospitali ya Lacor, aliitwa kutoka Kampala alikokuwa akisoma, kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akakesha na vitabu, akaunganisha dalili, akatoa taarifa kabla maabara haijathibitisha, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa na kusimamia kwa ukali jinsi watu wanavyovaa. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224. Wauguzi wake walipokuwa wakifa mmoja baada ya mwingine na waliobaki wakagoma, alisimama nao akawarudisha kazini. Katika Uganda nzima pengine hakuna aliyekuwa na maarifa kumzidi, wala mtazamo kumzidi. Alfajiri moja ya Novemba aliitwa, muuguzi mwenzao aliyekuwa mgonjwa anahangaika na damu inamtoka. Akavaa gauni, barakoa, glavu, akaingia. Miwani ya kukinga macho hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Huwezi kumpa Lukwiya dodoso. Unachoweza kuuliza ni miwani ilikuwa inaning'inia wapi usiku ule, na nani alikuwa na kazi ya kusimama mlangoni na kusema, "Daktari, bado."

Chanjo ilipofika, mambo yaligeuka kwa namna ambayo sikuitegemea. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameunda kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Said Aboud, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani. Dozi za kwanza, 1,058,400 za Janssen, zilitoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Wahudumu wa afya tuliwekwa mstari wa mbele pamoja na waliofikisha miaka 50 na wenye magonjwa ya kudumu. Wiki hiyohiyo Mzee Mwasapila wa Loliondo akafariki, na kwenye bodaboda hizo habari mbili zikazungumzwa pamoja kutwa.

Nilidhani sisi wenye gauni ndio tutakaokuwa wepesi. Haikuwa hivyo. Miezi sita tu nyuma, Januari, tulikuwa tumesikia kutoka kwa Rais wa wakati huo, akiwa Chato, kwamba chanjo hizi hazifai, na sasa tunaambiwa tutangulie. Zaidi ya hapo, tulikuwa tunajua mno. Mganga alikuwa amesoma kwamba Aprili Marekani iliisimamisha Janssen kwa siku chache kuchunguza damu kuganda, tukio adimu sana, na akalisoma usiku peke yake kwenye simu, saa ambazo jambo adimu huonekana kama liko mlangoni. Muuguzi mwenzangu, binti ambaye alikuwa hajazaa, aliambiwa na kundi la WhatsApp kwamba hatazaa. Yeyo aliuliza kama inauma kuliko ya pepopunda, akachanjwa. Mimi nikachanjwa siku hiyo naye, mkono ukauma, usiku nikapata homa, asubuhi nikaenda kazini.

Wanakijiji hawakuuliza habari za kamati wala za damu kuganda. Walikuwa na swali moja. "Nesi, wewe umechanja?" Nikitoa kadi, wengine walikunja mkono wa shati palepale. Swali hilo lilimfikia mganga kila siku, mgonjwa kwa mgonjwa, naye ni mtu asiyeweza kudanganya uso kwa uso. Septemba, ulipokuja mpango shirikishi na harakishi na chanjo zikaanza kufuata watu minadani na makanisani, alikuwa amekwisha kuchoka kulikwepa. Akachanjwa mnadani, mbele ya wauza mbuzi. Sijui kama mtazamo wake ulikuwa umebadilika. Alichokosa ni pa kujificha.

Fedha za UVIKO (korona) baadaye zilileta madarasa nchi nzima na mitambo ya oksijeni kwenye hospitali kubwa, na kwa hilo sina kinyongo. Zahanati za mlimani zilipata tulichopata. Kwetu kilibaki kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu, na nakithamini kuliko bango lolote; kile kingempeleka mzee wangu mjini bila kuhesabu kifua.

Machi 2023, serikali ilipotangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, mlipuko uliofikia wagonjwa 9 na vifo 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwa waliokufa, tofauti niliiona mara moja. Ugonjwa ulitajwa jina, wilaya ikatajwa, idadi ikasomwa, na kufikia tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Kule kwetu, mbali kabisa na Kagera, tuliitwa tena semina. Safari hii niliinua mkono mapema nikaomba jambo moja: bomba la maji nje ya kila mlango wa chumba cha kutibia, kabla ya bango. Mwezeshaji aliandika. Bomba moja lilikuja, mwaka uliofuata.

Kufikia wakati huo Yeyo alikuwa amestaafu. Aliyeshika nafasi yake ni binti mchangamfu wa kidato cha nne, na siku ya kwanza nilimkuta akichanganya moja kwa sita kama alivyofundishwa, kwa kikombe kipya cha plastiki. Nikamwomba anionyeshe chupa. Ilikuwa ya dukani, lebo imechanika, hakuna aliyejua ni asilimia ngapi. Tukateremka pamoja Ngaramtoni tukakagua chupa rafu kwa rafu. Moja ilikuwa ya asilimia 3.5, nyingine 5, ambayo inataka moja kwa tisa, na mbili hazikuandikwa kitu. Mwenye duka akatuuliza tunafua nguo gani.